Mwano wa Bugelela

Watu wa kuanza mambo wamejaa tele duniani. Wa kuyamaliza ndio adimu. Mtu huanza kwa mbwembwe, akiguswa kidogo na shida hurudi nyuma huku akitafuta wa kumlaumu. Hadithi hii ni ya mwanamke mmoja wa ufukwe wa Ziwa Viktoria aliyeanza jambo zito mbele ya watu, likamwaibisha na kumtia hasara, naye akakataa katakata kuligeuzia mgongo.

Jina lake Ng'washi. Aliishi Bugelela, kijiji kidogo kusini ya Nyegezi, pamoja na mumewe Mhoja na binti yao Kija. Yeye alianika dagaa, na Mhoja aliajiriwa katika kiwanda cha ngozi kilichojengwa juu kidogo ya ghuba. Ngozi za ng'ombe ziliingia humo mbichi zikatoka laini kama kitenge, kisha zikapakiwa kwenda ng'ambo kushonewa viatu ambavyo hapana mtu wa Bugelela aliyewahi kuvivaa. Faida ilisafiri na ngozi. Kijijini kilibaki kitu kimoja tu, nacho ni maji machafu.

Kisheria, maji hayo yalipaswa kusafishwa kabla ya kumwagwa. Kiwanda kiliona hiyo ni gharama ya bure. Kilisubiri mvua inyeshe, ndipo kikafungua bomba lake, na maji ya bluu yenye povu na dawa kali yakateremka ziwani pamoja na matope. Mvua ikikatika, ushahidi nao ulikuwa umekwenda. Watu wa Bugelela waliteka maji hapohapo, wakafua hapohapo na kuoga hapohapo. Kija alitokwa na vipele shingoni hadi kiunoni, akawa anajikuna mpaka damu. Wakati huo meneja wa kiwanda, Bwana Nathaniel, alikunywa maji ya chupa na kulala mjini, katika nyumba ya kilimani yenye kisima chake.

Ng'washi alikwenda mjini katika ofisi ya mazingira. Afisa aliyempokea, binti mmoja aitwaye Odeta, alimwamkia kwa heshima na kumsikiliza hadi mwisho.

"Shida, mama, ni kwamba kila nikija nakuta bomba kavu," alisema Odeta. "Mahakamani siwezi kupeleka harufu. Nahitaji kuyachota maji yenyewe yakitoka, na watu walioyaona yakitoka. Mkiyaona, nipigie simu papo hapo."

Ng'washi alirudi nyumbani akiwaza jinsi ya kupata watu wengi mahali pamoja kwa ghafla. Jibu lilikuwa katika mila zao wenyewe. Kwa Wasukuma kuna mwano, yaani yowe la hatari. Mwano ukipigwa, kila mwenye masikio huacha alichoshika na kukimbilia kule ulikotoka: mwenye jembe hulitupa, mwenye tonge hulirudisha sahanini. Asiyeitika hutozwa faini. Na anayeupiga bila sababu hutozwa kubwa zaidi, maana amechezea mioyo ya watu.

Asubuhi moja ya masika, akiwa kwenye mawe ya kufulia, aliona maji yakigeuka rangi. Hakusita. Akapiga mwano kwa nguvu zake zote, na kijiji kikafurika ufukweni na marungu na mapanga, wengine wakidhani ni mamba, wengine wezi wa ng'ombe. Lakini walipofika, bomba lilikuwa limefungwa na mvua ilikuwa imekwisha kulisomba povu.

"Hatari iko wapi?" aliuliza Mzee Mayala, mkuu wa sungusungu, walinzi wa kijiji, akihema.

"Ilikuwa hapa, mzee wangu."

"Ilikuwa?"

Watu wakaangua kicheko. Ng'washi akatozwa mbuzi, tena akaonywa kwamba akirudia atatozwa ng'ombe na kutengwa, asipewe moto na jirani wala asisaidiwe msibani. Mbuzi akachinjwa siku hiyohiyo. Waliomcheka ndio waliokuwa wa kwanza kunyoosha bakuli, na wakausifu mchuzi bila haya.

Jioni hiyo Mhoja hakugusa chakula. Alikaa kwenye kigoda akitazama chini.

"Mama Kija," alisema, "lile bomba nililifunga mimi. Ndiyo kazi yangu kule ndani, kulifungua na kulifunga. Mwano uliposikika niliambiwa, 'Funga upesi,' nikafunga. Ndipo nikaja mbio kama wengine."

Ng'washi alihisi kama amepigwa kofi.

"Kwa hiyo umenichinjia mbuzi kwa mkono wako mwenyewe, baba Kija!"

"Nikikataa nitafukuzwa. Tutakula nini? Liache jambo hili, nakuomba."

"Nililianza mbele ya kijiji kizima, sitaliacha hapa jikoni," alijibu Ng'washi. "Mtoto wako anajikuna damu. Mvua ikinyesha nitakuwa palepale. Wewe na mkono wako mtajuana."

Kuanzia hapo akapanga zamu na wanawake wenzake. Kila wingu likijikusanya, wawili walishuka kwenye mawe na nguo za kufua ili wasishukiwe. Mwanzoni walikuwa wengi. Lakini kiwanda kilikuwa kimeingiwa na woga, kikapitisha mvua kadhaa bila kufungua, na wanawake wakaanza kuchoka. Mmoja akasingizia mgongo, mwingine akasema mumewe amekataa. Mwishowe zamu ikabaki kwa Ng'washi na rafiki yake Sabina, wakilowa kama kuku huku watoto wakiwatania kutoka barazani.

Hatimaye mapipa ya kiwanda yakajaa, na uchafu haungeweza kuzuiwa tena. Adhuhuri moja mvua kubwa ilishuka, na mdomo wa bomba ukakohoa, kisha ukatapika povu la bluu. Sabina akamshika Ng'washi mkono.

"Subiri kwanza, shoga yangu. Wakifunga tena, utatengwa. Nani atakuzikia?"

Ng'washi aliogopa, tena sana. Aliona ng'ombe wao wa pekee akiswagwa kwenda kwa Mzee Mayala, aliona watu wakipita mlangoni pake bila salamu. Akamwona na Kija, amelala kifudifudi kwa sababu mgongo unawaka. Akafungua kinywa na kupiga mwano.

Kule kiwandani, Mhoja alikuwa amesimama penye bomba, na spana kubwa ya kulifungia iko mkononi. Alimtambua aliyepiga kabla mwano haujaisha. Bwana Nathaniel alitoka ofisini mbio.

"Funga! Funga hilo bomba, Mhoja!"

"Mwano huo, bwana," alisema Mhoja. "Kwetu, anayeusikia hutupa alichoshika."

Akaitupa spana kwenye mtaro uliojaa matope, akaondoka. Vibarua wote wa kijiji nao walikwisha kuacha ngozi zao na kushika njia ya ziwani. Bwana Nathaniel akabaki peke yake, akaingia mtaroni na viatu vyake vinavyong'aa, akapapasa matope hadi viwiko. Spana hakuiona, na bomba likaendelea kutapika.

Ufukweni hapakuwa na aliyecheka. Watu walisimama mvuani wakitazama maji waliyonywesha watoto wao. Mama mmoja aliketi chini akalia kwa sauti. Mzee Mayala akasema, "Mwano huu una sababu. Mtu asiondoke hapa." Sabina alikuwa amekwisha kupiga simu, na Odeta alipofika kutoka mjini alikuta bomba linamwaga na kijiji kizima kimelizunguka. Akachota maji mbele ya macho yao wote.

Mhoja alifukuzwa kazi kabla viatu vya meneja havijakauka. Miezi iliyofuata ilikuwa migumu. Mwanamume aliyezoea mshahara sasa alibeba ndoo za dagaa nyuma ya mkewe, na walevi wa pale kijijini wakampachika jina la Mama Dagaa. Kiwanda kikashtakiwa. Kesi ilipokaribia kusikilizwa, Bwana Nathaniel alishuka nyumbani kwao, mara hii amevaa kandambili.

"Tusigombane," alisema baada ya kukaribishwa. "Mhoja, nafasi yako ipo, tena ya usimamizi. Kijiji tutakichimbia kisima. Ninyi semeni tu kwamba mvua ilikuwa kubwa, hamkuona vizuri."

Ng'washi, ambaye siku zote alikuwa na jibu, safari hii alimwachia mumewe ajibu. Kama ofa ingekuwa yake angeitupa nje palepale. Lakini ilikuwa riziki ya mumewe, na mumewe alikwisha kupoteza mengi kwa ajili yake. Akamgeukia Mhoja.

Mhoja aliinuka taratibu.

"Bwana Nathaniel, mara ya kwanza nilifunga bomba, mke wangu akaaibika mbele za watu. Leo unataka nifunge mdomo, ili aaibike tena? Mke wangu alianza peke yake. Tutamaliza wawili. Mahakamani nitasema ni nani aliyeniamuru kufungua na ni nani aliyeniamuru kufunga. Karibu tena siku nyingine, bwana."

Na kweli, mahakamani alisema yote. Wakili wa kiwanda alimhoji mpaka jasho likamtoka, lakini maneno yake hayakuyumba. Kiwanda kikaamriwa kufungwa hadi kijenge mabwawa ya kusafishia maji, na kugharamia matibabu ya walioathirika. Watu wa Bugelela wakatoka nje wakiimba.

"Tumeshinda! Sasa tukalale!" alisema Sabina.

"Tumeshinda maneno," alijibu Ng'washi. "Mabwawa hayajachimbwa. Kesho zamu ni yangu na yako."

Kweli wakaendelea, na safari hii wanaume nao wakaomba zamu. Waliyatazama mabwawa yakichimbwa, yakijengewa, yakijaa. Siku kiwanda kilipofunguliwa tena, mvua kubwa ikanyesha, nao wote wakashuka na kusimama mbele ya mdomo wa bomba. Walingoja hadi mvua ikaanuka. Ghuba ilibaki na rangi yake. Kija, ambaye ngozi yake ilikuwa imepona, akamtazama mama yake kama anayeomba ruhusa, na Ng'washi akatikisa kichwa kukubali. Mtoto akakimbilia majini akipiga kelele za furaha, na wa kwanza kumfuata alikuwa mama yake mwenyewe. Waliomsihi aache njiani walikuwapo wakitazama, na hapana aliyehitaji kuelezwa kwamba maji ukiyavulia nguo, huna budi kuyaoga.