Shati la Mgeni Rasmi

Kupima baada ya kushona ni dharau. Mnaitamka kila mkiamuliwa jambo bila kuulizwa, halafu mnataka kujua ilitoka wapi. Haya, tulieni. Methali hii ilianza hivi.

Kijijini Ilongwe alikuwako fundi cherehani, Tusajigwe, mama wa Sekela na wadogo zake watatu. Maji yake, kama ya kijiji kizima, yalitoka kwenye chemchemi moja chini ya kilima. Asubuhi moja akienda kuteka, aliona vigingi vya saruji vimepandwa kule juu, na kibarua anafyeka.

"Dampo, mama," kibarua akamwambia. "Takataka zote za mji zitamwagwa hapa."

Tusajigwe aligeuza na ndoo yake tupu. Mvua ikinyesha, uchafu ule ungeshukia wapi kama si midomoni mwa wanawe? Akaenda moja kwa moja kwa mwenyekiti wa kijiji, Mzee Mwasomola.

"Punguza jazba, Mama Sekela. Mkutano wa maoni ni Alhamisi. Mwongozo unasema wananchi washirikishwe."

"Washirikishwe lini? Kabla ya vigingi au baada?"

"Lini, haukusema." Mzee akakohoa. "Ila afisa mipango wa wilaya ndiye mgeni rasmi. Tushonee shati la kumvisha."

"Vipimo vyake?"

"Hatuna. Kadiria tu."

"Nitakadiria," akasema Tusajigwe, na hakutabasamu.

Alhamisi afisa mipango, Bwana Kihwelo, alivishwa shati la kitenge mbele ya watu wote. Mikono ilikomea kwenye viwiko. Vifungo havikuonana. Alipojaribu kupunga mkono, mshono wa mgongoni ukaachia, pwaa! Watu wakaangua kicheko. Tusajigwe hakucheka. Alivua futi shingoni, akamzungushia mgeni kifuani.

"Simama wima, mheshimiwa, nikupime."

"Unanipima sasa? Si umeshashona?"

"Nakusanya maoni yako. Panabana wapi?"

"Mama, hii ni dharau!"

"Umelisema mwenyewe." Akanyoosha kidole kilimani. "Saruji ya vile vigingi imekauka. Umeshakata, umeshashona, maji ya watoto wangu umeshayapangia takataka. Leo ndiyo unakuja na futi?"

Kicheko kilikatika. Bibi mmoja akapaza sauti kutoka nyuma: "Mjibu, baba! Au shati limebana mpaka koo?"

"Nimefuata mwongozo," akasema Kihwelo.

"Basi na huo mwongozo ufumuliwe ushonwe upya," akajibu Tusajigwe. "Hapa hakuna atakayesaini mahudhurio yako ukayaite kibali."

Hakusaini mtu. Daftari lilizunguka likarudi jeupe. Bila sahihi Kihwelo hakuwa na la kupeleka wilayani, basi akaketi na shati lake lililopasuka, akaandika walivyomtajia: wananchi waulizwe kabla mstari wa kwanza haujachorwa, ramani ibandikwe mahali wanapoweza kuiona, na kila hoja ijibiwe kwa maandishi. Ilichukua miezi na safari nyingi za kupiga kelele wilayani, lakini maneno yale yaliingia kwenye mwongozo, na vigingi vikang'olewa. Kimoja Tusajigwe alikibeba kichwani hadi kwake. Mpaka leo ndicho kinachozuia mlango wa chumba chake cha cherehani.

Tangu hapo, afisa akifika Ilongwe na ramani iliyokwisha kuchorwa, hakuna anayepoteza muda kubishana naye. Watu humtazama kifuani, kisha wakamwambia: kupima baada ya kushona ni dharau.