Ufa wa Nyumba ya Tweve

"Nyumba yenye moto huachiwa ufa." Jana mlimsikia shangazi yenu akimwambia bwana harusi maneno hayo, mkacheka, kisha mkaja kuniuliza: kwani hatufundishwi kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta? Tunafundishwa, tena ni kweli. Lakini methali hiyo ndiyo iliyoizaa hii nyingine, huko juu Makete, nyumbani kwa Yeremia Tweve.

Yeremia alilima viazi na kuezeka nyumba za watu. Alikuwa akiondoka watoto wamelala na kurudi wamelala. Asubuhi moja mvua ya mawe ilinyesha mpaka ardhi yote ikawa nyeupe. Watu wa huko wanaijua sakitu, ule umande unaoganda alfajiri, lakini barafu ya kuzamisha kifundo cha mguu hawakuwa wameiona. Njia zilifungwa, shule haikufunguliwa, na Yeremia akabaki nyumbani. Binti yake, Tumaini, alichota barafu kwa bakuli, akainyunyizia sukari, wakaila yeye na baba yake kwa kijiko kimoja.

"Leo hata jembe limepewa likizo," Yeremia alisema, na watoto wakacheka kwa sababu hawakuzoea kumsikia akitania.

Jambo moja tu liliharibu furaha hiyo. Kitinda mimba, Lusajo, alikuwa na kifua, na mama yake, Sekela, alikuwa akimsikiliza kila pumzi. Mwaka uliotangulia baridi ilikuwa imemchukua mtoto wa jirani. Basi Yeremia akaingiza sebuleni jiko la mkaa, akaingiza na kuku wawili waliokuwa wakitetemeka bandani, kisha akaanza kuziba. Aliziba chini ya mlango kwa gunia, pembe za dirisha kwa matambara, hata tundu la waya wa redio.

"Usipoziba ufa utajenga ukuta," alisema, akisukumiza tambara la mwisho kwa ncha ya kisu.

Mama yake, Bibi Luvanda, alikuwa ametoka kwenye kibanda chake cha nyasi kuja kuota moto. Alitazama huku na huku.

"Mwanangu, nyumba hii itapumulia wapi?"

"Mkaa hauna moshi, mama. Wewe umezoea kibanda kinachofuka kama tanuri la matofali."

"Kinafuka kwa sababu moshi una pa kutokea."

Wote walicheka, naye akaketi karibu na mlango. Walichoma viazi, wakanywa chai ya tangawizi. Joto liliongezeka. Tumaini alisema kichwa kinamgonga. Baba yake akamwambia ni sukari na barafu. Lusajo aliacha kukohoa, akalala, na Sekela akashukuru. Sekela mwenyewe alikuwa akipiga miayo, akasema ni uchovu wa kukesha. Kila dalili ilipata maelezo, na kila maelezo yalikuwa mazuri.

Kisha kuku mmoja akaanguka ubavu.

"Hata kuku wamenogewa na usingizi," Yeremia alisema. Ulimi wake ulikuwa mzito.

Bibi Luvanda alimwinua yule kuku. Shingo ilining'inia.

"Kuku halali ubavu, Yeremia. Fungua mlango."

"Mama, baridi itamuua mtoto!"

"Mtoto yupi? Huyo anayelala hivyo? Mwamshe nione!"

Sekela alimtikisa Lusajo. Hakufumbua macho. Alimwita, akamfinya, akamwita tena. Yeremia alitaka kusimama, asiweze. Akabaki amepiga magoti, ameshika meza. Bibi Luvanda alivuta mlango, lakini gunia lilikuwa limekaza kama kabari. Basi akachukua mchi wa kinu, akavunja kioo cha dirisha, akarudi mlangoni akavuta kwa nguvu zote mpaka ukafunguka.

Walitambaa nje, miguu mitupu juu ya barafu ileile waliyokuwa wakiikimbia. Tumaini alitapika. Bibi Luvanda alimpokonya Sekela mtoto, akamgeuza uso kwenye upepo, akamsugua mgongo. Barafu ilikuwa ikiyeyuka, matone yakidondoka kutoka kwenye bati, nao waliyasikia yote kabla hawajamsikia Lusajo. Alikohoa kwanza. Kisha akalia, na Sekela akaketi palepale kwenye maji.

Yule kuku hakuamka. Mkaa kweli hauna moshi, ila una hewa isiyoonekana wala kunuka, na walio wadogo huwahi kuzidiwa.

Kioo hicho Yeremia hakukirudisha. Majirani walimdhihaki: "Fundi mzima, unaezekea watu, kwako dirisha limetoboka! Siku hizi huzibi ufa?"

"Ufa wa ukuta nauziba," aliwajibu. "Lakini nyumba yenye moto huachiwa ufa."

Bwana harusi wenu aliapa mbele ya watu kwamba kwa jinsi anavyompenda mkewe, hatamruhusu kutoka hata kwenda kwa mama yake. Mlipiga vigelegele. Shangazi yenu hakupiga. Kabla hajawa shangazi wa mtu, aliwahi kula barafu kwa sukari, na jina lake ni Tumaini. Alimwinamia bwana harusi, akamwambia nanyi mkisikia: nyumba yenye moto huachiwa ufa.