Bibi wa Juu ya Mti

Fumbeni macho kidogo, wanangu. Sasa tazameni. Nyika imekauka, nyasi zimekuwa rangi ya vumbi, na tembo wanapita kwa mstari mmoja, wakubwa mbele, wadogo nyuma. Yule wa mbele kabisa ni bibi mzee, masikio yamechanika pembeni kama kanga iliyofuliwa miaka mingi. Anaweka mguu chini, pu! Nyuma yake katoto kanainua mguu wake na kuuweka ndani ya alama ileile, pu!

Mmemwona? Huyo ndiye Bi Mashavu, na hapo ndipo zamani za kale, wakati wanyama walipokuwa na nyumba zao, mabaraza yao, na majirani wa kuwasengenya.

Katika nchi hiyo mvua ilikuja ilipotaka yenyewe. Kiangazi kikizidi, mto uligeuka mchanga mtupu. Lakini tembo hawakuwa na wasiwasi. Mbali na mto, ndani ya nyika, kulikuwa na visima vya siri, na aliyejua njia ya kuviendea ni Bi Mashavu. Alifundishwa na bibi yake, na bibi yake alifundishwa na bibi yake.

Kila mwaka kabla ya kiangazi aliwachukua watoto wote akawapitisha njia nzima kwa miguu. Penye kila alama alisimama, mtoto akakanyaga pale alipokanyaga bibi, kisha akaitaja alama kwa sauti. Desturi hiyo waliiita mkanyago.

"Hapa, mwanangu, weka mguu," alikuwa akisema. "Unaona nini?"

"Mgunga wenye mashina mawili, Bibi!" alijibu mjukuu wake, Chembe.

"Kisha?"

"Mgongo kwenye mgunga, uso kwenye kichuguu chekundu!"

"Kisha?"

"Nimechoka, Bibi!"

"Hiyo siyo alama. Twende."

Basi siku moja, wakiwa njiani hivyo hivyo, prrr! akatua ndege juu ya sikio la Bi Mashavu. Ndege wa kijivu, mkia mwekundu, mwepesi hata sikio lenyewe halikushtuka.

"Shikamoo, Bibi!"

"Marahaba. Nani wewe?"

"Kasuku. Natoka ng'ambo ya milima, kwa wakubwa wangu, nyati. Wamenituma niwasaidie majirani. Maskini, naona mnateseka juani na vitoto! Kwani ninyi hamna wa kuwakumbukia?"

"Kutukumbukia nini?"

"Chochote! Niambie neno lolote."

Bi Mashavu akafikiri. "Mgunga wenye mashina mawili."

Kasuku akainamisha kichwa, akafungua mdomo, na lo! ikatoka sauti ya Bi Mashavu mwenyewe, nzito, yenye mkwaruzo mwishoni: "Mgunga wenye mashina mawili."

Chembe akaruka. "Bibi yuko ndani ya ndege!"

Tembo wote wakaangua kicheko. Aliyecheka zaidi ni Bi Mwanjaa, mdogo wake Bi Mashavu, ambaye magoti yalikuwa yakimuuma tangu ujana.

"Dada," alisema, "hebu mwambie yote huyu. Mimi magoti haya si ya kwangu tena. Mwambie, tukapumzike kivulini kama watu wengine."

"Na ujira wako?" Bi Mashavu akamuuliza Kasuku.

"Bure! Bure kabisa, Bibi! Hata punje ya mtama sitaki. Ninyi semeni tu, kazi ya kukumbuka niachieni."

Bi Mashavu alisitasita. Akamtazama Chembe, jinsi miguu yake midogo ilivyochubuka kwa changarawe. Moyo ukamlainika. Akakaa chini akasema yote, alama moja baada ya nyingine, kuanzia mgunga mpaka kisima cha mwisho, kile kilicho chini ya mwamba unaotoka jasho alfajiri. Kasuku alisikiliza bila kupepesa jicho.

Kiangazi kilipofika, hakuna aliyehangaika.

"Kasuku, kisima kiko wapi?"

"Nifuateni! Kulia! Kushoto kidogo! Simameni, chimbeni hapo!"

Chubwi! Maji. Tembo walitembea wakitazama ule mkia mwekundu angani, na hakuna aliyetazama chini. Mwaka uliofuata hawakufanya mkanyago. Mwaka mwingine hawakufanya. Watoto wakazaliwa ambao neno lenyewe hawakulijua.

Na wanyama wengine nao wakampenda Kasuku. Ngiri alimtajia mashimo yake yote. Mtemi wa nchi, Kifaru, ambaye hupenda kulala kuliko kutawala, alimwambia nani ana ugomvi na nani, mpaka wa nchi unapita wapi, na askari wake wanasinzia saa ngapi. Kasuku akakumbuka yote.

Bi Mashavu peke yake alianza kukosa usingizi. Kila jioni alimwona Kasuku akiruka kuelekea milimani, na kila asubuhi akirudi ameshiba. Akaenda barazani.

"Mtemi, yule ndege jioni anakwenda wapi? Na anakwenda na nini?"

Kifaru akapiga muayo. Lakini wazee walipoanza kunong'ona, alisimama, akakanyaga ardhi, kishindo! "Sikieni amri yangu! Kuanzia leo, maneno ya nchi hii yatakaa ndani ya nchi hii! Kasuku, utajenga kiota chako hapa, kwenye mti huu, mbele ya macho yangu!"

"Hewala, Mtemi!" Kasuku akajibu. "Mngesema tangu zamani!"

Akajenga kiota. Kizuri ajabu, kimesukwa kwa nyasi za nchi hiyohiyo, kikatandikwa manyoya ndani. Wanyama wakacheza ngoma siku nzima. Kifaru akawaonyesha wageni: "Mnaona? Kile pale. Maneno yetu yote yamo mle."

"Mtemi," akasema Bi Mashavu, "kiota kiko hapa, sawa. Na kichwa cha Kasuku, jioni kikiruka, kinakwenda kitupu?"

"Bibi naye!" Kasuku akacheka. "Nikikiacha kichwa kiotani, nitaona wapi pa kuruka? Kwi kwi kwi!"

Baraza zima likacheka naye. "Ana wivu huyo," wakasema. "Zamani sisi sote tulikuwa tunamuuliza yeye."

Bi Mashavu akainamisha masikio akarudi nyumbani.

Ukapita muda. Nyati wa ng'ambo wakatuma ujumbe: wanalitaka bonde la malisho, lile lenye majani mabichi. Kifaru akakataa. "Bonde letu hilo! Waje wajaribu!" Wanyama wakashangilia, wakamwita shujaa.

Nyati hawakuja. Wangekuja kupigana na Kifaru ya nini?

Kilichokuja ni kiangazi, kikali kuliko vyote. Mto ukakauka, matope yakapasuka. Tembo wakakusanyika chini ya kiota.

"Kasuku," akaita Bi Mashavu, "tuonyeshe kisima."

Kasuku akatoa kichwa nje. "Shikamoo, Bibi. Leo siwezi kusema."

"Umesahau?"

"Mimi? Hata neno moja! Ila wakubwa wangu wamenikataza, mpaka Mtemi awape bonde. Mimi binafsi, Bibi, nawapenda sana."

"Lakini maneno ni yangu! Nilikwambia mimi!"

"Ni yako, nani amekataa? Ila mdomo ni wangu, na mimi ni wa nyati." Prrr! Akaruka kwenda zake. Na kile kiota, wanangu, kikabaki pale mtini, kizuri, kitupu.

Bi Mashavu akawageukia wenzake. "Njooni. Nitawapeleka mwenyewe. Njia nilizaliwa nayo."

Wakaondoka. Chembe alikuwa nyuma yake, midomo imekauka kama gome. Bi Mashavu alitembea kwa kujiamini mpaka penye mgunga wenye mashina mawili. Mgunga haukuwepo. Ulikuwa umeanguka, mchwa wameula, na hakuna aliyepita miaka yote hiyo kuona ulipokuwa. Akaugusa unga wake kwa mkonga.

"Mgongo kwenye mgunga," akajisemea, "uso kwenye kichuguu chekundu."

Akainua macho. Vichuguu vyekundu vilijaa mbele yake, vidogo, vikubwa, vyote vinafanana.

"Kipi, Bibi?" akauliza Chembe.

Bi Mashavu akajaribu kuisikia sauti ya bibi yake kichwani. Akasikia mbawa tu. Kulia! Kushoto kidogo!

"Kile," akasema. Hakikuwa kile. "Basi kile." Wakachimba, vumbi. Wakachimba pengine, vumbi.

Jua lilipokuwa utosini, Bi Mwanjaa akasimama. "Dada, magoti yangu."

"Jikaze kidogo, mdogo wangu."

"Niache nipumzike. Mimi ndiye niliyesema tupumzike, si ndiyo?" Akajaribu kucheka. Kisha, puu! akaanguka. Bi Mashavu alimsukuma kwa kichwa, akamvuta kwa mkonga, akamwita kwa jina la utotoni. Hakuamka. Wakamfunika kwa matawi, wakaondoka, kwa sababu walio hai walikuwa na kiu.

Mchana ule Chembe naye akaanza kuyumba. Mara akasimama, masikio wima.

"Bibi ananiita," akasema.

"Mimi hapa, mwanangu. Sijakuita."

"Siyo wewe. Bibi." Na akaanza kukimbia kwa miguu inayopepesuka, akauvuka mwinuko. Bi Mashavu akamfuata, na sasa naye akasikia: sauti yake mwenyewe, nzito, yenye mkwaruzo mwishoni.

"Hapa, mwanangu, weka mguu. Hapa, mwanangu, weka mguu."

Chini ya mwinuko ule kulikuwa na ule mwamba unaotoka jasho alfajiri. Chini ya mwamba, maji. Na kuyazunguka maji, nyati, pembe kwa pembe, wameyakanyaga mpaka yamekuwa uji wa matope. Kasuku alikaa juu ya pembe ya nyati mkubwa, akiwaelekeza ndama wao mahali pa kukanyaga.

"Kisima hiki ni cha bibi yangu!" akalia Bi Mashavu.

"Pole, mama," akasema yule nyati, tena kwa upole. "Mwambie Mtemi wako atoe bonde, mnywe. Hatuna ugomvi na ninyi."

Chembe alikuwa amelala chini, mkonga umeelekea maji, haufiki.

Bi Mashavu akatuma mjumbe mbio kwa Kifaru. Jua halijazama, bonde likawa limetolewa. Chembe akanywa. Tembo wote wakanywa, wameinama, wakiomba njia katikati ya miguu ya nyati.

Mvua ilinyesha baadaye, kama kawaida yake. Kasuku akarudi kiotani, akiwasalimu wote kwa heshima. Kila kiangazi walimuuliza, naye alijibu, mwaka ambao nyati waliruhusu.

Asubuhi moja Bi Mashavu akamwamsha Chembe, ambaye sasa alikuwa na pembe changa. "Twende tukafanye mkanyago. Visima vichache ninavyokumbuka nitakuonyesha. Vingine tutavitafuta."

Wakaenda mpaka ulipokuwa mgunga. Bi Mashavu akakanyaga, pu! "Hapa, mwanangu, weka mguu. Unaona nini?"

Chembe hakutazama chini. Alikuwa anatazama angani.

"Bibi," akasema taratibu, kama mtu anayemwonea huruma mzee, "tunajichosha bure. Twende tukamuulize yule Bibi wa juu ya mti. Yeye ndiye anayejua."

Bi Mashavu akafungua kinywa. Alitaka kusema, Bibi ni mimi. Akaugeuza mguu wake, akamfuata mjukuu wake nyumbani, na upepo ukaifuta ile alama moja aliyoiacha.

Anayemkabidhi mgeni kumbukumbu zake amemkabidhi pia maji ya wajukuu zake.

Haya, fumbueni macho, wanangu. Mkisahau mengine yote si kitu, lakini nawaomba mnikumbukie hili moja: Kasuku hakuiba hata neno. Aliambiwa.