Masizi ya Ndovu

Hadithi iko mlangoni, watoto. Mnaiambiaje?

— Ingia, tumekaa.

Ina matope miguuni.

— Ingia hivyo hivyo.

Basi fumbeni macho. Lioneni pango kubwa, lenye mlango mmoja chini na tundu moja juu. Nje ni masika. Mvua haikatiki, mto umejaa mpaka kizingitini. Ndani wamejikusanya wanyama, kila mmoja na moto wake, na moshi wote unatokea kwenye lile tundu. Mmeliona?

Zamani hizo Ndovu alilala karibu na mlango, penye hewa. Alikuwa na moto wa kupikia, moto wa kukaushia ndizi, moto wa kuota mgongo, na moto wa kutazama tu. Babu yake aliwasha hivyo, baba yake aliwasha hivyo. Pimbi, mnyama mdogo kama sungura, alikaa juu mwambani, karibu na tundu. Alikuwa na moto mmoja, wa uji wa mwanawe Chiku.

Siku moja Chiku akakohoa. Pimbi akatazama juu. Masizi yalikuwa yameganda pande zote, tundu limebaki dogo kama jicho la mbuzi. Moshi ulipanda, ukagonga, ukarudi. Chiku akakohoa tena. Mara ya tatu hakukohoa, alifungua mdomo tu, na hewa haikuingia.

Akambeba, akateremka mbio.

"Mzee Ndovu, mwanangu hapumui vizuri. Tundu linaziba."

"Mbona mimi napumua?"

"Wewe uko mlangoni, mzee."

Ndovu akafikiri, akatafuna ndizi, akafikiri. "Basi tugawane sawasawa. Kila mmoja azime moto mmoja."

"Nikizima mmoja, mimi nabaki na nini?"

"Unabaki na majirani," Ndovu akasema, akacheka peke yake.

Pimbi akazima. Digidigi akazima. Kicheche akazima. Ndovu naye akazima ule wa kutazama, akahema kama aliyebeba gogo.

Je, moshi ulipungua, wanangu? Haukupungua. Ila baridi iliongezeka. Chiku akakohoa, akatetemeka, akakohoa.

Hapo Pimbi akawanong'oneza wadogo wenzake. Wakaburuta mkeka mkubwa, wakauning'iniza mlangoni, wakaubana kwa mawe. Kisha wakalala kifudifudi, pua kwenye udongo, Chiku katikati yao.

"Mnafanya nini nyie?" Ndovu akauliza.

"Tunaona baridi, mzee. Moto hatuna."

Moshi ukajaa juu. Ukashuka mwambani kwa Pimbi. Ukashuka kwenye masikio ya Ndovu. Ukashuka machoni. Ndovu akapapasa ukuta kwa mkonga, asiuone mlango. Pango lote likawa jeusi, kimya. Pimbi aliweka mkono kifuani mwa mwanawe, akahesabu pumzi. Alijua kwamba moshi ukifika sakafuni, hautamchagua mtu.

"Toeni mkeka," Ndovu akasema, sauti ikikwaruza.

"Zima kwanza, mzee. Ule wa ndizi."

Ndovu akaukanyaga.

"Na ule wa mgongo."

Akaukanyaga. "Na huu wa kupikia?"

"Huo baki nao, nawe una tumbo. Mimi nirudishie wangu wa uji. Halafu inua mkonga ukwangue tundu."

"Tukwangue wote, Pimbi. Sawasawa."

"Hata nikisimama mwambani sifiki, mzee. Na masizi yale yalianza enzi za babu yako. Mimi nimehamia juzi."

Ndovu akakohoa, akakohoa, akakohoa. Kisha akatikisa kichwa kukubali.

Mkeka ukatolewa. Ndovu akainua mkonga, akakwangua, na mapande yakamwangukia usoni mwake mwenyewe. Alikwangua siku ile, akakwangua kesho yake, na mpaka leo hajamaliza. Chiku alikunywa uji. Lakini mvua ikinyesha bado hukohoa, na mama yake bado hulala ameweka sikio kifuani pake.

Haya, hadithi inatoka. Mnaiambiaje?

— Nenda, mlango uko wazi.

Inawaomba jambo moja tu, wanangu. Siku mkiambiwa mzime moto sawasawa, kumbukeni kutazama juu kwanza, muone masizi ni ya nani.