Ng'ombe wa Fizi za Mbaraka

Hapo zamani, uani kwa Mbaraka bin Shehe, walikuwapo hawa: Mbaraka mwenyewe, mpiga zumari; Sudi bin Kombo, mwuza dawa; Ridhiwani bin Jecha, tabibu wa meno; na Mwanakheri binti Makame, mkewe Mbaraka, ambaye majirani humwita Heri, nao hukosea. Wa tano alikuwa Tunu, ng'ombe wa maziwa.

Mbaraka alikuwa ameugua fizi. Zilivimba, zikavuja damu, meno yakacheza, zumari haikushikika. Akaahidi mbele za watu: "Atakayeniponya fizi, Tunu ni wake." Sasa amepona, na kila mmoja amekuja na kamba.

"Vidonge vyangu ndivyo vilivyoshusha uvimbe," alisema Sudi. "Kabla yake hata uji ulimliza."

"Uvimbe ni moshi, Bwana Sudi," alisema Ridhiwani. "Moto ni ukoga, na aliyeukwangua ni mimi."

"Ungekwangua wapi? Kinywa hakikufunguka mpaka alipomeza dawa yangu!"

Mwanakheri akacheka kwa pua. "Na nani aliyemsimamia na mswaki asubuhi na jioni? Mume mzima na ndevu zake! Bila mimi ukoga ungerudi tabibu hajafika kwake." Moyoni aliwaza maziwa. Miaka minne amemkama Tunu kwa mikono yake. Leo aswagwe na mwuza vidonge?

Mbaraka, aliyependa kugombewa, akaamua. "Kila mmoja anitunze peke yake miezi mitatu. Tuone kwa nani ugonjwa hautarudi. Aanze Sudi."

Sudi mwenyewe ndiye aliyesema hapo kwanza kuwa vidonge humezwa siku tano tu, na baada ya kula. Sasa akayasahau maneno yake, akampa kila siku. Ridhiwani alijua kuwa vidonge vile vikizidi hutoboa tumbo. Akakaa kimya, akingoja fizi zioze. Mwanakheri akauchomeka mswaki darini.

Mwezi wa kwanza fizi hazikuvimba. Sudi akatembea mjini kama bwana harusi. Mwezi wa pili Mbaraka akashika tumbo.

"Aache dawa, Bwana Sudi?" aliuliza Mwanakheri.

"Akiacha nimeshindwa, mama."

"Nawe, tabibu?"

"Zamu si yangu."

Mwanakheri akaona choo cha mumewe ni cheusi kama lami. Akafungua kinywa aseme, "Basi, tosha." Tunu akalia zizini. Mwanakheri akakifunga kinywa. Akajiambia: kesho fizi zitavimba, Sudi ataaibika.

Siku ya sabini Mbaraka akatapika damu. Mwanakheri akampangusa midomo, akachungulia ndani. Fizi hazikuvimba hata kidogo.

Mbaraka bin Shehe alifariki Alhamisi, kabla ya adhuhuri.

Matanga yalipoondolewa, Sudi na Ridhiwani walirudi na kamba zao. Walikuta ya Mwanakheri imekwisha fungwa shingoni mwa Tunu. Ahadi ilikuwa kwa atakayeziponya fizi, na fizi zilipona.

Haya, nyinyi mnaojua haki: je, nani alistahili Tunu?