Kopo la Senene la Bi Leontina

Hapo zamani, wala si ile zamani ya wanyama kusema, ni zamani ya juzijuzi tu watu wakiwa na simu mfukoni, palikuwa na mjane mmoja huko Kamachumu, jina lake Bi Leontina. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Audax. Audax alikwenda Dar es Salaam kikazi akaahidi kurudi Krismasi. Krismasi ikaja, akasema mwakani. Mwaka ukazunguka, akasema mwakani. Ikatimia miaka tisa, na ahadi bado ni ile ile, mpya kabisa, maana haikuwahi kutumika.

Bi Leontina alikuwa na kibanja, shamba la migomba lenye kaburi la mumewe katikati. Shemeji yake Kyaruzi alikitaka kibanja hicho. Kila alipokuja kumjulia hali, mdomo ulimsalimia mjane na macho yakasalimia migomba. "Shemeji," alikuwa akisema, "mwanao ameshakuwa mtu wa huko. Hata ladha ya mkono wako ameisahau. Kibanja kinataka mwenyewe." Mwisho ukoo ukampa Bi Leontina muda. Msimu wa senene, wale panzi wa kuliwa, ukiisha, aseme mbele ya wote kama kibanja kina mwenyewe au hakina.

Yale maneno ya ladha yalimuuma sana. Audax alipokuwa na miaka sita alitokwa na vidonda kinywani, chumvi ikawa inamchoma. Mama akamkaangia senene zake kando, bila chumvi. Vidonda vikapona, lakini mtoto akaendelea kudai "za kwangu", na mama akaendelea kukaanga vikaango viwili, kimoja cha nyumba nzima na kimoja cha mtu mmoja, mpaka kijana alipoondoka na ndevu zake.

Basi msimu ulipoingia, Bi Leontina akatoka alfajiri na goti lake bovu, akaokota senene kwenye nyasi zenye umande. Akazinyonyoa mabawa na miguu moja moja, akazikaanga zikakauka. Chumvi hakutia, tena kwa makusudi. Akasema moyoni, "Akiniambia, mama umenikaangia zile zangu, nitajua nina mtoto na kibanja kina mwenyewe. Akisema neno jingine, Kyaruzi achukue." Hakumwambia mtu. Mimi na wewe tunajua. Wengine wote hawakujua.

Sasa, Audax alikuwa na rafiki watatu aliosoma nao shule ya msingi. Wa kwanza Byabato, ambaye alikuwa amenunua pikapu kuukuu na hakuwa na raha mpaka Dar es Salaam iione. Wa pili Kokugonza, mpishi hodari mwenye mgahawa pale sokoni Muleba. Wa tatu Respicius, katekista, ambaye watu walimwita Mwalimu na yeye akapenda kuitika. Wakakubaliana: kama rafiki yetu haji, tutamfuata. Wakapakia ndizi, wakapakia kahawa ya kutafuna, wakaenda kumuaga Bi Leontina.

Bi Leontina akatoa kopo la maziwa ya unga, ndani zimo zile senene, limefungwa kwa kamba ya mgomba, mafundo matatu. Akampa Respicius.

"Mwalimu, kopo hili limfikie mwanangu kama lilivyo."

"Mama, litafika kama lilivyo," Respicius akasema, akashika rozari yake ili jambo lipate uzito.

Wakaondoka. Walipopita Biharamulo, gurudumu la nyuma likapasuka. Walipokwisha kulibadilisha, wakisubiri injini ipoe na mioyo ipoe, Byabato akalitazama kopo.

"Joto hili linaweza kuzitia unyevu," akasema. "Senene zikipata unyevu zimekwisha. Tuangalie tu."

Respicius akasema, "Usiangalie sana."

Byabato akafungua, akaangalia moja kwa ulimi. Akaridhika, akafunga. Mbele kidogo akapata wasiwasi, akaangalia tena. Kutoka Biharamulo mpaka Nzega aliangalia mara tisa, na kila alipoangalia unyevu haukuwepo na kopo lilizidi kuwa jepesi. Pale Nzega, kwenye chai, akasema kwa masikitiko, "Jamani, mama amezeeka. Amesahau chumvi."

"Acha kumsingizia mama wa watu," Kokugonza akasema.

"Onja mwenyewe."

Lakini Kokugonza hakuonja. Kwao wanafuata desturi ya zamani: mwanamke anaokota senene, ananyonyoa, anakaanga, na wanaokula ni wanaume. Amepika senene miaka ishirini na haijui ladha yake. Hata hivyo aliingiwa na huruma ya kweli. Akilini mwake alimwona Audax na jirani zake wa mjini wakitafuna, wakitazamana, wakisema mkono wa mama umekwisha. Walipofika Singida akanunua chumvi ya unga, akaimimina kiganjani, akanyunyiza, akatikisa kopo kwa ufundi. "Simtii mwanamke mwenzangu aibu," akasema. Alifanya kwa heshima tu. Mimi na wewe tunajua alichokifanya. Yeye hakujua.

Ikabaki kazi ya kuonja kama imekolea. Kokugonza desturi haimruhusu. Byabato haaminiki tena, maana akionja huwa hatoi jibu, anaomba kuonja upya. Wakamgeukia Respicius.

"Mimi nimeapa," akasema.

"Umeapa usile, Mwalimu. Hujaapa usionje."

Respicius akafikiri, akaona hoja ina mashiko. Akaonja mara ya kwanza: bado. Kokugonza akaongeza. Akaonja mara ya pili: inakaribia. Akaonja mara ya tatu, akafumba macho kama mtu anayepokea baraka. "Imekolea," akasema, akafunga mafundo matatu yale yale kwa mikono yake mwenyewe, ili kopo lifike kama lilivyo.

Wakapita Dodoma, wakapita Morogoro, wakafika Mbezi nyumbani kwa Audax. Audax aliwapokea kwa machozi, na machozi yale yalikuwa ya kweli. Akawakumbatia mmoja mmoja, akaisifu pikapu bila kuombwa, akauliza habari za kila mtu wa Kamachumu, walio hai na waliokufa. Respicius akamkabidhi kopo. Audax akafungua mafundo polepole, akatia senene mdomoni, akatafuna. Akalichungulia kopo. Akatia nyingine, akachungulia tena. Halafu akachukua simu akampigia mama yake, sauti akaiweka wazi wote wasikie.

"Shikamoo mama. Kopo limefika."

"Marahaba mwanangu. Umekula?"

"Nimekula, mama. Tamu sana. Na chumvi umeipatia, imekolea sawasawa."

Upande wa pili mama akauliza polepole,

"Umekula wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe, mama. Ni mkono wako ule ule."

"Sawa, mwanangu. Wasalimie wenzako," Bi Leontina akasema, akakata simu.

Rafiki watatu wakatabasamu. Kokugonza alimkonyeza Respicius. Wakakaa siku nne, wakala pilau, wakapiga picha na pikapu mbele ya maghorofa, wakarudi. Walipoingia Kamachumu walimkuta Kyaruzi ndani ya kibanja anapanda miti ya mpaka mpya, anapiga mluzi. Jumapili iliyotangulia, msimu ulipoisha, Bi Leontina alikuwa amesimama mbele ya ukoo akasema, "Nilidhani nina mtoto. Sina. Kibanja kichukueni, kaburi tu mniachie njia ya kulifikia."

Wakamkimbilia kumuuliza kulikoni. Akawaeleza habari ya vidonda, ya vikaango viwili, na ya senene zisizo na chumvi. Byabato akatazama viatu vyake. Kokugonza akakaa chini palepale kwenye majani, mikono kichwani. Respicius alitafuta rozari mfukoni na hakuipata upesi.

Wakampigia Audax wakamweleza yote. Kwa miaka tisa barabara ya kuja kwao ilikuwa ndefu mno, lakini safari hii alipanda basi kesho yake asubuhi na keshokutwa yake akawa Kamachumu. Akapiga magoti mbele ya mama yake.

"Mama, nilikumbuka. Nilipotafuna tu nikataka kuuliza, zile zangu ziko wapi? Nikajisemea, mama amezeeka, amesahau. Nikimwambia nitamvunja moyo. Ndiyo maana nikaisifu chumvi."

Bi Leontina alilia mpaka kitenge kikalowa. Alikuwa amepata mtoto na kupoteza kibanja wiki hiyo hiyo.

Kyaruzi akasema neno limeshatoka mbele ya ukoo. Wazee wakasema ndiyo, limetoka, lakini neno la aliyedanganywa linarudishwa kwa njia moja. Aliyemdanganya asimame peke yake mbele ya ukoo, kibuyu cha rubisi, ile pombe ya ndizi, mkononi, aseme, "Ni mimi niliyempotosha mama huyu." Kisha kwa mwaka mzima asikae na watu kwenye pombe wala kwenye harusi. Asimame mmoja tu. Wakisimama wengi, kila mmoja atakuwa anamwonyesha mwenzake kwa kiwiko, na kibanja kitabaki kwa Kyaruzi.

Wakaanza kujitetea.

Byabato akasema, "Nilikula, sikatai. Lakini nilizokula zimekwenda na nilizoacha niliziacha kama mama alivyozikaanga. Tumbo langu halikumdanganya mtu. Na gari ni langu, bila mimi kopo lingekuwa bado liko hapa."

Kokugonza akasema, "Mimi sikula hata mguu mmoja. Nimetia chumvi, ndiyo, kulinda jina la mwanamke mwenzangu. Tena aliyesema mama amezeeka si mimi, ni Byabato. Angenyamaza, nami ningenyamaza."

Respicius akasema, "Sikuwa wa kwanza kulifungua, wala chumvi sikutia. Niliulizwa kama imekolea nikasema kweli, na ilikuwa imekolea."

"Na kile kiapo?" mzee mmoja akauliza.

"Kiapo nilikishika mpaka Singida," Respicius akajibu, kwa sauti ndogo.

Audax akasema, "Mimi nilipewa nikala. Mtoto gani anakosoa mkono wa mama yake mbele ya wageni? Mngenifundisha ukorofi tangu utoto, leo tusingekuwa hapa."

"Ungekuja hata Krismasi moja, mama asingehitaji kukupima," Kokugonza akamwambia.

Kyaruzi akacheka, akasema yeye ndiye pekee ambaye hakugusa kopo. Ilikuwa kweli, na watu wote walichukia kwamba ni kweli.

Ndipo Bi Leontina mwenyewe akasimama na goti lake bovu, akanyoosha mkono kwenye kibuyu kilichowekwa katikati. "Labda ni mimi," akasema. "Niliwapa watu kitu cha kunibebea nikawaficha ni kitu gani. Nilimpima mwanangu badala ya kumwambia njoo, nimekukumbuka."

Audax akamshika mkono kumzuia. Wazee wakatazamana. Kyaruzi akaacha kucheka.

Mpaka sasa wamesimama hivyo, kibuyu kiko katikati na rubisi inazidi kuchacha. Basi nyinyi mliokuwa mnajua tangu mwanzo, semeni. Ila msinijibu kwa heshima, maana heshima tumeshaona ilikotufikisha. Je, nani akichukue kibuyu?