Kisiki Kilichopumua

Hapo zamani, zamani ya juzi tu, Kokugonza aliuliza katikati ya kinamasi: "Jamani, kisiki kinapumua?"

Hakuna aliyemjibu. Kaka yake Muganyizi alikuwa akisukuma mtumbwi kwa pondo huku akiapa kwamba hajapotea. Baba Mdogo Rweyongeza alikuwa akinusa ugoro. Na Bibi yao, shingo imenyooka juu ya matete, alikuwa akimtafuta nzohe, swala yule wa majini aliyemwona mara moja tu, enzi za usichana wake.

Nao walifuata nini huko, watu wazima wanne mtumbwi mmoja? Muganyizi alikuwa amepata binti, na siku ya nane bado hana jina. Katika ukoo ule wanaotoa majina ni wanaume. Wanawake hutoa watoto tu! Lakini asubuhi ile Bibi alitangaza: "Safari hii jina atatoa atakayenionyesha nzohe. Awe na ndevu, asiwe nazo."

Kokugonza nusura apae. Jina analo: Nyamwiza, la mama yake Bibi, ambalo hakuna mwanamume aliyewahi kulikumbuka. Baba Mdogo anataka lake mwenyewe, la kiume hivyo hivyo. Na Muganyizi? Anataka Penalti, eti mtoto alizaliwa zikipigwa kwenye mechi.

Basi mtumbwi ukakwama mbele ya kile kisiki. Kokugonza akauliza. Mara Baba Mdogo akapiga chafya, chafya ya ugoro, na kisiki kikaruka! Kikaota pembe, kikaota miguu, kikawamwagia maji wote. Nzohe! Bibi akacheka mpaka kilemba kikatumbukia majini.

"Mimi ndiye niliyewaleta," akasema Muganyizi.

"Ulipotea!" akadakia Kokugonza.

"Nilipotea mahali penyewe."

"Mimi ndiye niliyemwamsha," akasema Baba Mdogo.

"Ulikuwa umefumba macho, Baba Mdogo!"

"Kwani pua haina haki?"

"Mimi ndiye niliyemwona!" akasema Kokugonza.

"Uliona kisiki, dada."

"Kisiki gani kina pumzi? Niliuliza, mkaninyamazia. Mngenijibu, Bibi angemwona ametulia, si makalio yanayokimbia!"

Bibi akakamua kilemba chake. "Mmoja kanifikisha, mmoja kaniamshia, mmoja kauliza. Mimi mbavu zinaniuma, siwezi kuhukumu."

Je, nani alistahili kutoa jina? Tafadhali, semeni leo. Mtoto bado anaitwa Wewe.